Namna ya kupunguza panya nyumbani na mtaani Dar es Salaam bila kutegemea sumu

Ukikaa Buguruni, Manzese au Mbagala unamjua yule muuzaji mwenye kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto. Anapita mtaa uleule wiki baada ya wiki na wanaonunua ni walewale. Hilo peke yake linatuambia kwamba vipakiti vyake haviwamalizi panya. Na sababu haiko kwenye nguvu ya sumu, iko kwenye maisha ya panya mwenyewe.

Panya jike wa nyumbani hubeba mimba siku 21 hadi 23, huzaa watoto watano, sita, hata nane, na anaweza kupandwa tena siku moja au mbili tu baada ya kujifungua. Watoto wenyewe huanza kuzaa wakifika miezi mitatu hivi. Wangekuwa wanaongezeka bila kikomo mji ungeshawashinda wenyeji. Kinachowazuia ni chakula, maji na mahali pa kujificha. Vikiisha hivyo, watoto hufa, majike hupunguza kuzaa, wakubwa hugombana na wengine huhama. Sasa wewe ukiua nusu yao na kuacha jalala palepale, waliobaki wanapata chakula maradufu, watoto wao wengi wanapona, na nafasi zilizo wazi zinajazwa na panya wa jirani. Baada ya muda mfupi mmerudi mlipokuwa.

Jambo hili lilionekana wazi miaka ya 1940 kule Baltimore, Marekani, ambako mtafiti David E. Davis na wenzake walifuatilia panya wa mitaa ya watu maskini. Sumu ilishusha idadi kwa muda tu. Kilichoishusha na ikakaa chini ni kurekebisha nyumba, nyua na taka. Hapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamefanya kazi ya panya kwa miongo kadhaa, na njia wanayoisisitiza ni hiyohiyo: soma maisha ya panya, kisha mpige pale alipo dhaifu, na mfanye kwa pamoja. Mwongozo huu unafuata njia hiyo kwa mazingira ya nyumba zetu za Dar.

1. Mjue uliye naye

Si kila panya ni yuleyule, na ukikosea hapa mitego yako itakaa mahali pasipo na panya.

Wa kwanza ni panya wa darini. Ana mwili mwembamba, masikio makubwa, na mkia mrefu kuliko mwili. Huyu ni mpandaji. Anapita juu ya kenchi, kwenye nyaya za umeme, kwenye tawi la mwembe lililolalia bati. Kelele za usiku juu ya siling bodi kwa kawaida ni zake.

Wa pili ni panya wa mitaro: mnene, pua butu, masikio madogo, mkia mfupi kuliko mwili. Anachimba. Utamkuta kwenye mifereji, kwenye chemba za vyoo, chini ya sakafu iliyopasuka, masokoni na maeneo ya bandari. Anahitaji maji kila siku, na huo ni udhaifu mkubwa utakaomwangusha.

Wa tatu ni yule mdogo kabisa, wa gramu 20 hivi, anayekaa ndani ya kabati, nyuma ya friji, ndani ya kochi. Anaweza kuishi karibu bila maji ya kunywa akipata nafaka. Hatembei mbali, mita chache tu kutoka kwenye kiota chake.

Kuelekea pembezoni, Chanika, Goba, Bunju, Kigamboni, kuna panya shamba. Jike ana matiti mengi, mpaka 24, na anaweza kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mkupuo mmoja. Kuzaa kwake kunafuata mvua, na nitamrudia mbele.

Kinyesi kitakusaidia kuwatofautisha. Kipande chenye urefu wa sentimita moja na zaidi kidogo, chembamba, kilichochongoka ncha, ni cha panya wa darini. Kikubwa, kinachokaribia sentimita mbili, chenye ncha butu, ni cha panya wa mitaro. Vidogo kama punje za mchele, vingi na vilivyotapakaa, ni vya yule mdogo. Kibonyeze kwa kijiti: kikiwa laini na king'aavu, panya alipita jana usiku, kikivunjika na kuwa vumbi, ni cha zamani.

Na wawili usiwaguse. Kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu kali, chakula chake kikubwa ni wadudu. Anakula mende wako. Na buku, panya mkubwa mwenye mashavu ya kubebea chakula, mara nyingi anapita tu kutoka kichakani. Ni jamii yake hiyohiyo ambayo shirika la APOPO pale Morogoro huifunza kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu.

2. Fuata njia zao kwa usiku mmoja au miwili

Panya hapendi uwazi. Anatembea akigusa ukuta kwa sharubu na ubavu, usiku kwa usiku, njia ileile. Manyoya yake yana mafuta, kwa hiyo njia ya siku nyingi huacha alama nyeusi inayong'aa ukutani, kwenye pembe ya kenchi au pale bomba linapoingia ndani. Washa tochi ya simu, ilaze sambamba na ukuta, alama zitajitokeza.

Penye shaka, nyunyiza poda ya watoto au majivu yaliyochekechwa, tabaka jembamba, upana wa kiganja, kando ya ukuta na mbele ya matundu. Usitumie unga, utakuwa umewapakulia. Asubuhi soma: mguu wa mbele una vidole vinne, wa nyuma vitano, na katikati mara nyingi kuna mstari wa mkia uliokuwa unaburuzwa. Utajua wanatoka wapi na wanaelekea wapi. Chora ramani ndogo ya nyumba kwenye karatasi na utie alama. Karatasi hiyo itaamua kila kitu kinachofuata, na ninaiona ni kazi yenye faida kuliko pesa yoyote utakayotumia dukani.

3. Kata chakula na maji

Panya mkubwa hula gramu 15 hadi 30 kwa siku. Chukua gramu 20: panya 20 wanamaliza gramu 400 kwa siku, kilo 12 kwa mwezi. Kwa hiyo nyumba yenye panya 20 lazima ina mahali panapotoa kilo 12 za chakula kila mwezi. Tafuta mahali hapo.

Kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba sita au nane na korido katikati, chakula huwa hakitoki kwa mtu mmoja. Mmoja ana kiroba cha mchele chini ya kitanda. Mwingine anaacha sufuria ya ugali na ukoko wake mpaka asubuhi. Wa tatu anafuga kuku uani na kuwamwagia pumba jioni. Hapo ndipo ugomvi wa wapangaji unapoanza, kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole, wakati panya anakula kwa wote.

Nafaka, unga, maharage na dagaa viwe kwenye ndoo ngumu zenye mfuniko unaobana, au kwenye pipa la bati. Mfuko wa plastiki, kiroba au boksi si kizuizi. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo kutafuna kwake ni lazima. Hata ndoo laini ya plastiki ataitoboa akiachiwa muda, kwa hiyo iangalie ukingoni mara kwa mara.

Vyombo vioshwe usiku huohuo. Mkishindwa kwa sababu maji ni ya mgao, angalau ukoko na mabaki yatolewe, na sufuria zifunikwe kwa kitu kizito.

Kuku walishwe asubuhi kiasi wanachokimaliza, na chombo cha chakula kiondolewe jioni. Banda la kuku lenye chakula cha kulala ndilo kituo kikubwa cha panya katika nyua nyingi nilizoingia, kuliko hata jiko.

Taka zina mambo yake. Gari la taka likichelewa, viroba vinalundikwa kwenye kona ya mtaa, na kila mmoja anajua kona hiyo iko wapi. Taka za chakula zitenganishwe na zikae kwenye ndoo yenye mfuniko ndani ya ua mpaka siku ya gari, siyo kwenye kiroba nje. Mama lishe na wenye magenge waombwe jambo moja tu: wakifunga, pasibaki kitu chini. Nyanya iliyooza, ganda la ndizi na kichwa cha samaki vikilala hapo, panya wa mitaro wa mtaa mzima wameshiba.

Maji yanasahauliwa sana. Koki inayodondoka, beseni la nguo lililolala na maji, trei ya nyuma ya friji, maji ya kiyoyozi yanayotiririka ukutani, bakuli la mbwa: yote haya ni kisima cha panya. Kiangazi, kabla ya vuli kuanza, kufunga maji kunamuumiza panya wa mitaro kuliko mtego wowote.

4. Mitego kwanza, kisha usafishe lundo, kisha uzibe

Mpangilio huu una sababu. Ukiondoa lundo la mbao, matofali na vifuu uani wakati panya wamejaa ndani yake, utawasambaza kwa jirani na darini kwako kwa siku moja. Ukiziba matundu wakati wako ndani ya dari, watatafuna njia nyingine au watafia humo, na harufu utaijua. Kwa hiyo kata chakula leo, tega siku zinazofuata wakiwa na njaa, halafu ndipo ubomoe maficho na kuziba.

Mtego mzuri ni ule wa kubana wenye springi kali. Unaua papo hapo. Gundi mimi siishauri: mnyama anakaa akiteseka masaa mengi, akikojoa hapohapo, na mijusi na virukanjia wananasa pia. Kizimba cha waya kinafanya kazi, ila usimpeleke panya akiwa hai ukamwachie mtaa wa pili.

Panya wa darini na wa mitaro wanaogopa kitu kipya. Ukiweka mtego leo ukautega leo, wataukwepa, na wanaweza kuukwepa wiki nzima. Weka mitego bila kuitega, yenye chambo, usiku wa kwanza, wa pili, hata wa tatu. Ukiona chambo kinaliwa, itege yote usiku mmoja. Yule mdogo wa kabatini ni kinyume chake, ana udadisi. Kwake tega siku ya kwanza, na usogeze mtego ukikaa usiku mbili bila kitu.

Chambo bora ni karanga iliyosagwa ikichanganywa na pumba za mahindi, kidonge kisichozidi punje ya harage. Nazi iliyochomwa na dagaa wa kukaanga navyo ni vizuri. Vifunge kwa uzi kwenye kichapio ili wasivichomoe. Mtego ukae pembe mraba na ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, kwenye njia ulizoziweka alama kwenye karatasi. Darini ufunge kwa waya kwenye kenchi, usije ukaangukia kwenye siling bodi au panya aliyenaswa mguu akaondoka nao.

Idadi ya mitego ndiyo inayowashinda wengi. Mtego mmoja kwa mwezi mzima hausaidii, kwa sababu majike wanaziba pengo haraka kuliko unavyoua. Mitego 12 kwa siku saba inawazidi kasi. Kwa nyumba ya kawaida, tega kila baada ya mita mbili au tatu kwa panya wadogo, mita tano kwa wakubwa. Kama huna pesa ya mitego 12, azimaneni, ambalo linatuleta kwenye hatua ngumu kuliko zote.

5. Fanyeni pamoja, wiki moja

Panya wa darini hajui mpaka wa kiwanja. Usiku mmoja anaweza kulala kwako, kunywa kwa jirani na kula gengeni. Nyumba moja ikifanya kila kitu nilichoandika na nyumba tisa zisifanye, itakuwa inavua panya wa nyumba tisa.

Anza na mjumbe wa shina. Huyu anawajua wenye nyumba hata wale wasiokaa hapo, na ndiye anayeweza kumpigia simu mwenye nyumba kuhusu chemba isiyo na mfuniko. Kisha peleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na bwana afya wa kata. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Itumieni siku hiyo kuondoa malundo, na wiki ya kabla yake iwe ya mitego. Nyumba 10 hadi 20 zilizopakana zinatosha kuanzia. Zote zikate chakula usiku mmoja na zote zitege usiku mmoja. Mitego ya pamoja ihifadhiwe kwa mtu mmoja na iandikwe imeenda nyumba gani.

Waambie watu ukweli kwamba si panya wote watakwisha. Lengo ni wabaki wachache kiasi cha kutoleta hasara wala ugonjwa, na idadi hiyo isipande tena.

6. Kuziba

Tundu linalopitisha kalamu ya wino linampitisha yule mdogo. Linalopitisha kidole gumba, panya wa darini ambaye hajakomaa anapita. Jaza stilwaya ya kusugulia masufuria, ibane sana, kisha piga zege au simenti juu yake. Povu na matambara hayana maana hapa.

Pitia juu ya lenta, mahali ukuta unapokutana na bati. Kwenye nyumba nyingi fundi ameacha mikunjo ya bati wazi, na fisha bodi imeoza. Funga wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku una matundu makubwa mno. Chini ya mlango wa nje pigilia mkanda wa bati. Chemba za choo ziwe na mifuniko mizima. Matawi yakatwe yawe mbali na bati kwa mita mbili, na mnazi ulio karibu na nyumba uvalishwe bati laini lenye upana wa sentimita 30 au zaidi, juu ya urefu wa mtu.

7. Kama bado unafikiria sumu

Kwanza uelewe kwa nini vipakiti vya mitaani vinashindwa. Panya hana uwezo wa kutapika, hivyo amejengwa kuwa mwangalifu: anaonja kidogo, anasubiri. Sumu ya haraka ikimuuma tumbo baada ya kuonja tu, akipona hataigusa tena. Sumu za kuzuia damu kuganda zinakwepa hilo kwa sababu zinachukua siku kadhaa, lakini hubaki kwenye ini la panya aliyekufa, na paka au bundi anayemla anaibeba.

Pili, unga usio na lebo hujui ni nini, na daktari naye hatajua. Kwenye chumba kimoja ambamo watoto wanalala, tunapika na tunahifadhi unga, kwangu mimi hilo ni hatari isiyokubalika. Kama ni lazima, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, yenye lebo, na iwekwe ndani ya kisanduku kilichofungwa ambacho mtoto hawezi kukifungua. Mtu akiimeza, usimtapishe wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake.

Bundi akitua kwenye paa lako usimfukuze. Najua tunavyofundishwa kwamba ni mkosi. Chakula chake kikubwa ni panya, na ukiokota yale madonge anayoyatema chini ya mti utaona mifupa na mafuvu ya panya ndani yake. Paka anasaidia kwa panya wadogo na watoto. Kwa panya wa mitaro mkubwa msimtegemee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 huko Brooklyn, New York, ulifuatilia paka na panya hao kwa siku 79 na kurekodi panya wawili tu waliouawa.

8. Baada ya kukamata

Mzoga usishikwe kwa mkono mtupu. Viroboto humwacha panya anapopoa, kwa hiyo utie kwenye mfuko, ufunge, uzike. Kinyesi usikifagie kikavu. Mwagia maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa ukiwa umevaa glavu.

Ugonjwa wa kuogopa zaidi hapa kwetu ni homa ya mgunda. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya na kutoka kwa mkojo, wakaingia kwa binadamu kupitia michubuko au macho. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wake Ruangwa, mkoani Lindi: wagonjwa 20, na 3 kati yao walifariki. Kwa anayekaa bonde la Msimbazi au popote maji yanapojaa, kutembea peku kwenye maji ya mafuriko ni hatari ya kweli. Ukipata homa, maumivu ya misuli hasa ya vigimbi vya miguu, macho mekundu au manjano, na kipimo cha malaria kikatoka safi, mwambie daktari waziwazi kwamba uliingia kwenye maji ya mafuriko au nyumbani kuna panya.

9. Muda wa kufanya

Mjini, ambako taka hazikauki, panya huzaa mwaka mzima. Hata hivyo nyakati mbili zinafaa zaidi: Februari, kabla ya masika, na Septemba, kabla ya vuli. Mvua ikianza, maji ya mitaro huwasukuma ndani ya nyumba.

Kwa wenye bustani na mahindi pembezoni, panya shamba huanza kuzaa baada ya mvua kuotesha nyasi na mbegu, na idadi hufika kileleni miezi kadhaa baadaye, mnapokuwa mmeshavuna. Wapige wakiwa wachache, kabla ya kupanda. Fyeka majani kuzunguka shamba na nyumba, na mahindi yasilale uani.

Kila mwezi rudia ile poda kwa usiku mmoja, mahali palepale ulipoweka alama kwenye karatasi. Nyayo zikirudi sehemu moja, tafuta kwanza tundu jipya au chakula kipya kilichoingia karibu na hapo, ukiondoe, halafu utege.